Na Kamera Hadi Mwisho wa Reli

Jumapili, Tabora

Novemba ikiingia, Tabora inanuka maembe. Yako uani, yako barabarani, yako kwenye viwanja vya shule, na mengi hayana hata mwenyewe wa kuyakataza. Sisi wenyeji hatuishangai miembe hii. Wageni ndio huuliza ilitoka wapi, na jibu lake ni misafara: watu wa pwani waliopita hapa kwenda Ujiji kutafuta pembe za ndovu na watumwa walipanda miembe kwenye vituo vyao. Safari ninayoianza usiku wa leo inafuata njia ileile, ila mimi nakwenda kwa treni na mzigo wangu ni kamera.

Kabla ya kufunga begi nimekaa kidogo nyuma ya nyumba, huku Ng'ambo, kumsubiri hondohondo. Yule wa kijivu, domo limepinda, sauti ya kulialia. Hondohondo hawezi kula kama ndege wengine, maana ulimi wake haufiki kwenye ncha ya domo. Anakamata panzi au tunda kwa ncha, anatulia, kisha analirusha nyuma kooni. Ukibonyeza ukishaona limerushwa, utapata domo tupu. Inabidi ubonyeze pale anapotulia, shata, lile pazia la ndani ya kamera, ikifunguka kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde au chini yake, na uiache kamera ipige mfululizo. Leo nimepata panzi akiwa hewani, miguu imetanuka, jicho la hondohondo linamtazama. Siku imeanza vizuri.

Kazi inayonilisha ni harusi na vipaimara. Hii ya ndege, mitaa na safari hainiingizii kitu, lakini bila hiyo ningeshaiuza kamera zamani nikafungua duka la vifaa vya simu. Begi lina kamera ya mtumba, lenzi fupi ya milimita 50, lenzi ndefu ya 70 hadi 300, betri za akiba, mifuko ya plastiki kwa ajili ya mvua, na bahasha ya picha zilizosafishwa, nitakazozieleza nikifika Kibirizi, ufukwe wa wavuvi wa Kigoma.

Jumatatu, relini

Usiku hauna picha. Urambo, Kaliua na Usinge zimepita kama sauti tu: karanga, mayai, maji, mtoto analia, mtu anauliza hapa ni wapi na mwingine anamjibu kwa uhakika, na amekosea. Kumepambazuka tumeshaipita Nguruka, na hapo ndipo nilipoteremsha dirisha.

Huku ni nchi ya mto Malagarasi. Maji yametuama hadi macho yanapokoma, mafunjo, nyasi, na weupe wa yangeyange hapa na pale. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Ndani kabisa anaishi korongo nyangumi, ndege mwenye domo la ajabu ambalo kila mpiga picha wa ndege analiota. Kutoka kwenye treni humwoni, na anayekwambia alimwona kutoka kwenye treni, mwache tu.

Kupiga picha kutoka dirishani kuna adabu yake. Usiegemeze mkono wala lenzi kwenye fremu, kwa sababu behewa lote linatetemeka na mtetemo unaingia kwenye picha. Simama, kunja magoti kidogo, acha mwili uumeze mtikisiko. Vitu vya karibu na reli achana navyo, vinapita mbio. Piga vya mbali. Na kichwa kiwe ndani, maana matawi hayasomi kanuni.

Lakini utamu wa reli ni stesheni. Treni ikisimama, wauzaji wanakuja chini ya madirisha na mabeseni yanapanda juu: samaki wa kukaushwa, mihogo, ndizi mbivu, na Uvinza, chumvi. Chumvi ya Uvinza haitoki baharini wala ziwani. Inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamekuwa wakiyachemsha tangu enzi ambazo reli haikuwapo hata mawazoni. Ukipiga kutoka juu unapata mabeseni, mikono iliyonyooshwa na nyuso zinazotazama juu, kila mmoja amelenga dirisha lake. Nilimwomba dada mmoja wa ndizi ruhusa kwa ishara, nikimwonyesha kamera. Akanijibu bila kusita:

"Piga kaka, lakini nunua."

Nikanunua chane nzima. Abiria tuliokaa pamoja tumekula hadi Kazuramimba, na mzee aliyekaa mbele yangu ameniuliza kama picha ile naiuza wapi. Nilipomwambia siiuzi, akatikisa kichwa akamenya ndizi nyingine.

Kigoma inajitokeza ghafla. Reli inateremka, vilima vinafunguka, na Ziwa Tanganyika lile pale, pana kama linataka kubishana na mbingu. Stesheni ni jengo la Wajerumani. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika hapa 1914, vita vikaanza mwaka huohuo. Nje nikachukua bajaji kwenda mtaa wa Mwanga. Dereva akaniuliza kama nimekuja kwa mradi. Ukiwa na kamera Kigoma, wewe ni wa mradi hadi utakapothibitisha vinginevyo.

Jumanne, Kibirizi

Mpiga picha anayekuja Kigoma kutoka Dar es Salaam arekebishe saa ya kichwani. Saa zetu ni zilezile nchi nzima, lakini jua halijui hilo. Kigoma iko magharibi kabisa, hivyo jua linachomoza na kuzama kama dakika 40 baada ya Dar. Mwezi huu linatoka saa kumi na mbili na nusu, na kwa kuwa vilima viko upande wa mashariki, ufukweni mwangaza unachelewa zaidi. Saa kumi na mbili kamili, watu wa Kibirizi wako kazini kwenye kijivu. Anayetaka dhahabu juu ya dagaa asubiri saa moja.

Na anayetaka dagaa kabisa aangalie mwezi. Wavuvi wa hapa wanavua usiku kwa taa. Dagaa wanafuata mwanga, wanakusanyika juu, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali, ziwa lote lina mwanga na taa haina kazi, basi watu wanashona nyavu na kulala. Kwa hiyo nilipanga safari iangukie giza. Wapo wapiga picha waliokuja mwezi mpevu wakakuta fukwe tupu, wakarudi wakiandika kwamba uvuvi umekufa.

Mitumbwi iliingia mfululizo. Dagaa wakiwa wabichi wanang'aa kuliko kitu chochote utakachopiga siku hiyo, na kamera inadanganyika. Inaona fedha tupu, inaogopa, inatia giza nyuso za watu. Ukiifuata nyuso, dagaa wanageuka karatasi nyeupe. Mimi nachagua dagaa wabaki na magamba yao, nyuso nitazifungua baadaye kwenye kompyuta. Kisha nashuka. Magoti mchangani, lenzi sawasawa na ukingo wa ndoo, hapo unaona kile ambacho aliyesimama hakioni: kila dagaa ana mstari wa fedha ubavuni na jicho kubwa kuliko linavyostahili mwili ule, na kati yao kuna mgebuka mchanga aliyeingia kwa bahati mbaya, mrefu, mdomo wazi, kwa sababu alikuja kuwala haohao aliokamatwa nao.

Bibi ninayemtafuta nilimkuta kwenye chanja zake za kuanikia dagaa. Safari iliyopita nilimpiga akigeuza dagaa na nikaahidi kumletea picha. Hapa ndipo bahasha inapoingia. Mtu yeyote unayempiga mtaani, Tabora, Kigoma, popote, atakuuliza neno moja: "Utanitumia?" Wapiga picha tunajibu ndiyo kwa urahisi uleule tunaomjibia anayetukaribisha chai tukiwa na haraka. Nimeona heri nipige wachache na niwalipe. Wenye simu janja nawatumia, wasio nazo nasafisha.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umerudi?"

Akaichukua picha kwa vidole viwili, maana mikono ilikuwa na magamba, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akawaita wenzake. Wakaitazama, wakacheka, mmoja akasema dagaa wametoka wazuri. Bibi hakucheka.

"Mbona mweusi hivi?"

"Ndivyo jua lilivyokuwa, Bibi, lilikuwa nyuma yako."

"Basi leo nipige jua likiwa mbele. Na unitoe mweupe kidogo."

Nikampiga tena, ameketi, amejifunga kitenge kingine alichokiazima palepale kwa jirani. Picha ya kukaa mkao si picha ninayoipenda, lakini ni yake.

Tulipomaliza akanieleza habari za chanja. Dagaa wa chanja wanauzwa bei nzuri, wa mchangani wanatafunwa na mchanga wao na bei inashuka. Mvua za sasa ndizo adui, wakilowa siku mbili wanaoza. Akakumbuka pia mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumue. "Samaki walipumua," akasema, "sisi ndio tulibana pumzi." Hata hivyo alikubali kwamba lilipofunguliwa, dagaa walikuwa wengi.

Wapo waliogeuza nyuso nilipopita, na sikuwafuata. Kigoma ni mpakani, ng'ambo ni Congo, kaskazini Burundi, na mtu ana sababu zake za kutotaka sura yake isafiri.

Jumatano, Ujiji

Daladala ya Ujiji inajaa kabla hujakaa. Watalii wengi wanakwenda moja kwa moja kwenye makumbusho ya Livingstone, palipo na mnara wa kumbukumbu ya Stanley kumkuta hapa mwaka 1871. Mwembe uliokuwapo siku ile ulishakufa, iliyopo ni vizazi vyake, na ndani kuna sanamu za wazungu hao wawili wakivua kofia. Nilipiga moja ya heshima nikatoka. Nimeshaziona picha za sanamu zile nyingi mno, na sijawahi kuona nzuri.

Ujiji ninayoifuata iko chini, ufukweni, kwa mafundi wa maboti. Hakuna karakana. Kuna kivuli cha mwembe, mbao, na fundi mkuu ambaye wote wanamwita Mzee. Boti linasimama mchangani mbavu zikionekana, urefu wa nyumba. Hakuna mchoro. Mzee anapima kwa kamba na kwa jicho, anagonga, anasema "toa kidogo", kijana anatoa kidogo.

Nilikaa upande wa kalafati karibu asubuhi yote. Kati ya ubao na ubao kuna ufa mwembamba. Kijana anasokota pamba kwa kiganja juu ya paja mpaka iwe uzi mnene, inachovywa kwenye mafuta ya mawese, inalazwa kwenye ufa, kisha anaisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo: tak, tak, anasogea nusu kidole, tak, tak. Mawese yanavuja kando yakiwa mekundu, ubao unalowa, na mstari mwekundu unamfuata nyuma. Mafuta ni ya michikichi ya vilima vya hapahapa. Nilimpiga mikono tu, lenzi ya 50, nimefungua nafasi ya mwanga hadi mwisho, ili patasi na pamba viwe kali na vingine viyeyuke. Kucha zake nyekundu kwa mawese. Aliniuliza kwa nini simpigi uso. Nikamwonyesha skrini. Akazitazama zile kucha kwa muda, akamwita mwenzake: "Oya, njoo uone kazi."

Juu yetu, kwenye mchikichi, alitua ndege ambaye Tabora hatuna mazoea naye: tai mweupe mwenye mabawa yenye weusi, ngozi nyekundu kuzunguka macho. Ni tai, lakini chakula chake kikuu ni matunda ya mchikichi. Analikwanyua tunda, analishika kwa mguu mmoja, analichuna ganda. Wenzake huko Serengeti wanagombania mizoga, huyu anakula kiungo cha mboga. Lenzi ya 300 haikutosha kumjaza kwenye fremu, kwa hiyo nikamwacha awe mdogo na mchikichi uwe mkubwa, na nadhani picha imepona kwa sababu hiyo.

Jioni mvua ikanyesha Mwanga, kubwa, ya kupiga mabati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Ilipokata, umeme ulikuwa bado upo, na chini ya taa ya duka la jirani wakaanza kutoka kumbikumbi. Kwanza mmoja mmoja, halafu ardhi ikachemka. Watoto walikwishatokea na mabeseni ya maji, wanayaweka chini ya taa, kumbikumbi wanaona mwanga ndani ya maji wanajitupa humo. (Dagaa wa nchi kavu, ukifikiri vizuri.) Mijusi wameshuka ukutani, chura mmoja mnene amekaa mahali pamoja anafungua mdomo tu. Mama mwenye duka akasema nipige haraka, yeye anazima taa, wadudu wanaingia kwenye sukari.

Sikutumia flashi, kwa sababu inaua ile taa ya njano na watoto wanakodoa macho. Nilipiga kwa sehemu ya 60 ya sekunde: nyuso za watoto zimetulia, mbawa zimekuwa michirizi. Nilikuwa nimeomba kwa mama zao kwanza, waliokuwa wamekaa barazani, na sharti la mmoja wao lilikuwa kwamba yule wake aliyevaa chupi tu asionekane. Haonekani.

Alhamisi, botini

Boti la abiria la kaskazini linatoka Kibirizi mchana, likishajaa, na kujaa kwake kunaamuliwa na mwenye boti. Magodoro, sukari, kreti za soda, baiskeli, kuku. Linapita vijiji vya mwambao hadi Mwamgongo na Kagunga, karibu na Burundi, na ukiomba linakushusha Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe. Wageni wenye fedha wanakodi boti la mwendo kasi. Mimi nilipanda hili, na kwa picha hili ndilo bora, kwa sababu linasimama kila mahali: kila kijiji ni mitumbwi midogo inayokuja kupokea watu, mama anateremka na mtoto mgongoni na ndoo kichwani bila kushika kitu.

Ziwa hili ni la pili kwa kina duniani, mita 1,470 penye kina kirefu, na urefu wake unakaribia kilomita 675. Unapokaa ubavuni mwa boti na maji yako kiganja kimoja kutoka kwenye kiwiko, takwimu hizo zina uzito wake. Kamera iliingia kwenye mfuko wa plastiki mara upepo ulipobadilika, na abiria mwenzangu akaweka simu yake humohumo bila kuniuliza.

Usiku, kwenye ufukwe wa Gombe, nikaona taa. Mstari mrefu, kama mji ulioshuka ziwani, hadi upande wa Congo. Watu hupenda kufungua shata sekunde 30 kwa picha za usiku, lakini taa hizi ziko kwenye mitumbwi na mitumbwi inacheza, kwa hiyo utapata minyoo ya mwanga. Sekunde mbili, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ikiwa juu, kamera imelala juu ya mfuko uliojazwa mchanga. Chembechembe zinaonekana kidogo. Heri chembechembe.

Ijumaa, Gombe

Hifadhi ni ndogo, ukanda wa milima na mabonde unaoshuka ziwani. Ilikuwa pori la akiba tangu 1943, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka hapa Julai 14, 1960, akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake, na kazi aliyoianza ilimfanya asiondoke rohoni mwa Kigoma hadi alipofariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91.

Masharti ni wazi na mwongozaji anayarudia bila kuchoka: barakoa puani na mdomoni, umbali wa mita kumi, saa moja tu ukishawapata, flashi marufuku, hakuna kula mbele yao. Sokwe wanaambukizwa mafua yetu na yanawaua. Mwenye kikohozi anabaki ufukweni na nyani, ambao nao hawana utani: mlango uliosahauliwa kufungwa ni chakula chao.

Tulipanda bonde la Kakombe. Msitu unatisha kwa giza lake, na sokwe ni mweusi, na hapo ndipo kamera nyingi zinaposhindwa. Ikimwona mnyama mweusi kwenye kijani cheusi, inadhani mwanga umekosekana, inaongeza, na matokeo yake ni sokwe wa majivu na majani yaliyoungua. Punguza mwanga kwa kipimo kimoja, tafuta jicho, achana na manyoya. Jicho likiwa na nukta ya mwanga, picha ipo.

Tuliwapata kwenye kichuguu. Mama mmoja na mwanawe. Mwongozaji akanong'ona jina lake, linaloanza na herufi ya familia yake, kwa sababu hapa ukoo unafuata herufi: Flo alimzaa Fifi, Fifi akawazaa Freud na Frodo, na kuendelea, mtu akitajiwa jina anajua tawi. Mama alivunja bua la nyasi, akalikata kwa meno urefu anaoutaka, akalisukuma taratibu kwenye tundu, akasubiri, akalitoa. Mchwa wameling'ang'ania kwa taya. Akalipitisha mdomoni kwa pembeni, kama mtu anayelamba kijiko cha uji. Bua lilipojikunja ncha, aligeuza upande wa pili. Mwezi kama huu, Novemba 1960, ndipo Goodall alipomwona dume aliyemwita David Greybeard akifanya hivihivi, na dunia, iliyokuwa ikiamini kwamba zana ni mali ya binadamu peke yake, ikalazimika kujadili upya.

Nilipiga kidogo kuliko nilivyotarajia. Mtoto alikuwa nyuma ya mama yake na kijiti chake, kifupi mno, kinene mno, anakisukuma kwenye tundu hakiingii. Anamtazama mama. Anatupa. Anaokota kingine, kinene vilevile. Hiyo ndiyo picha niliyoshuka nayo, na mama amekatwa kichwa kwenye fremu, anaonekana mkono na bua tu. Mwongozaji alipoiona alisema ndiyo, huyu bado yuko darasa la kwanza.

Jumamosi, Katonga

Boti la kurudi linapita alfajiri, na mchana nilikuwa Katonga, ufukwe wa mawe na maji meupe. Watu wanadhani wanyama wa Kigoma wako Gombe peke yao. Chini ya maji haya kuna samaki wadogo wa rangi, jamii zaidi ya 200, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wenyeji wanawaita samaki wa mapambo, na kuna watu wanaoishi kwa kuwakamata na kuwasafirisha wakiwa hai hadi Ulaya, kwenye matangi ya sebuleni.

Simu ndani ya mfuko wa kuzuia maji, kioo cha kuogelea, basi. Maji yanaonyesha mita nyingi, lakini kadiri unavyoshuka rangi nyekundu inatoweka, hivyo nilibaki juu, ambako jua lilikuwa linachora nyavu kwenye mawe. Mchangani kulikuwa na makome matupu ya konokono, na kila kome lina mwenyewe: samaki mdogo kuliko kidole, anakaa mlangoni, ukisogea anaingia kinyumenyume mpaka yanabaki macho. Nikisogea, anaingia. Nikitulia, anatoka, anachota mchanga kwa mdomo, anautema nje, kazi za nyumbani. Kijana mmoja mzamiaji aliyekuwa karibu akanionya juu ya nyoka wa maji, jamii ya swila, anayewinda samaki kwenye mawe. Hana ugomvi na mtu, akasema, lakini usimkanyage. Hamu ya kumpiga picha ninayo. Ya kumtafuta, hapana.

Jumapili, Mwanga

Treni ni usiku, kwa hiyo mchana nilikwenda studio kusafisha. Orodha: Bibi wa Kibirizi, mikono ya fundi wa kalafati, Mzee wa maboti ambaye alitaka picha amesimama ameshika nyundo, na watoto wa kumbikumbi, nakala moja kwa mama wa duka.

Kijana wa studio ni fundi hasa, lakini mashine yake imefundishwa tabia ya mjini: kila uso unaopita inaung'arisha. Mikono ya fundi ilitoka ya waridi, mawese yamekuwa juisi ya ukwaju. Tukabishana.

"Kaka, wateja ndivyo wanavyotaka."

"Najua. Mimi ndiye mteja, nataka kucha nyekundu."

Akazima ule ung'arishaji akatoa upya, na kucha zikarudi. Watoto vilevile, usiku ubaki usiku. Tulipofika kwa Bibi akanitazama, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Na huyu tuzime?"

Nikamwambia awashe. Ameomba mwenyewe, tena kwa mdomo wake, na picha ni ya kwake kutundika ukutani. Nilichoomba ni kwamba asipitilize, Bibi asije akafanana na binti wa tangazo la sabuni. Tukatoa ya kipimo cha kati. Kisha nikatoa na ya pili bila kung'arisha, kwa ajili yangu, halafu umeme ukakatika Mzee na nyundo yake akiwa nusu kwenye mashine, kiunoni kushuka chini hayupo. Kijana akasema nisiwe na wasiwasi, ukirudi atamalizia. Nikamwachia nauli ya bodaboda na maelekezo ya Ujiji: ufukweni, ulizia maboti, sema picha za yule wa Tabora.